Wakili Anajibu: Ulichobuni Chuoni ni Mali ya Nani?

Barua za mwezi huu zimetoka kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kisumu, Maseno, Kakamega, Eldoret na Njoro, na karibu zote zinauliza namna ya kujikinga dhidi ya wezi wa mawazo. Niseme mapema kwamba, kwa jinsi ninavyoiona sheria ikifanya kazi, mwanafunzi hupoteza haki zake mara nyingi zaidi kwa maneno aliyoyatoa kabla ya wakati na kwa karatasi aliyoitia sahihi bila kuisoma, kuliko kwa hila za mwizi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 40, inaitaka serikali iunge mkono, iendeleze na kulinda milikibunifu (mali inayotokana na ubunifu) ya watu wa Kenya. Hata hivyo, ulinzi huo hauna sura moja: hakimiliki (ya maandishi, michoro na rekodi), hataza (ya uvumbuzi) na alama ya biashara (ya jina au nembo ya bidhaa) kila moja huanza kwa njia yake na kukoma kwa wakati wake, na anayezichanganya hujikuta amelinda kisichohitaji kulindwa na kuacha wazi kile kinachohitaji.

Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi hapa Kisumu. Kwa mradi wangu wa mwaka wa mwisho nimeunda kikaushio cha omena (dagaa) kinachotumia joto la jua, chenye trei zinazojigeuza ili omena wakauke pande zote bila kuingia mchanga. Miezi minne iliyopita nilikionyesha katika maonyesho ya chuo na kuweka video yake mtandaoni. Marafiki wananiambia kwamba kwa kufanya hivyo nimeshapoteza haki zote. Je, ni kweli?

Hapa Kenya hujazipoteza, ila muda unayoyoma. Haki unayoitafuta ni hataza, ambayo hutolewa na KIPI, yaani Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, chini ya Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001. Uvumbuzi hupewa hataza ukitimiza mambo matatu: uwe mpya, uwe na hatua ya uvumbuzi ambayo fundi wa kawaida mwenye ujuzi wa kazi hiyo asingeifikia kwa urahisi, na uweze kutumika katika shughuli za uzalishaji, zikiwemo kilimo na uvuvi. Upya hupimwa kwa dunia nzima, si kwa Kaunti ya Kisumu wala kwa Kenya pekee. Jambo lolote lililowekwa hadharani popote kabla ya tarehe ya kuwasilisha ombi huharibu upya huo, hata likiwa limewekwa hadharani na mvumbuzi mwenyewe, na hiyo ndiyo sababu ya marafiki zako kukutisha.

Hata hivyo, sheria yetu inampa mvumbuzi msamaha: ufichuzi alioufanya yeye mwenyewe katika miezi 12 iliyotangulia tarehe ya ombi hauhesabiwi dhidi yake. Kwa kuwa wewe umetumia minne, unayo minane. Nakushauri usiitumie yote, kwa sababu mbili. Kwanza, watu wawili wakivumbua kitu kilekile kila mmoja kivyake, haki humwendea aliyetangulia kuwasilisha ombi, na video yako inaweza kuwa imewafungua macho wengi. Pili, msamaha huo ni wa sheria ya Kenya. Hataza ya nchi moja haina nguvu katika nchi nyingine, na ofisi ya hataza ya Ulaya, kwa mfano, haina msamaha wa jumla wa aina hii, kwa hiyo huko video yako inatosha kukufungia njia. Ungekuwa umewasilisha ombi Kenya kabla ya maonyesho, Mkataba wa Paris wa kulinda mali ya viwanda wa mwaka 1883, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1965, ungekupa miezi 12 ya kuomba katika nchi nyingine wanachama huku ukihesabiwa tarehe ile ya kwanza. Mwanafunzi anayesoma safu hii kabla hajaonyesha chochote hadharani na aukumbuke mpangilio huo: ombi kwanza, maonyesho baadaye.

Sasa tuje kwenye kikaushio chenyewe. Kukausha omena juani hakuwezi kuwa uvumbuzi wako. Kina mama wa Dunga na Usenge wamefanya hivyo muda mrefu kabla ya wewe kusajiliwa chuoni, na vikaushio vya jua vyenye trei vimeelezwa katika hataza na makala nyingi. Kilicho chako, kama ni kipya, ni utaratibu wa trei kujigeuza, na madai yako katika ombi, yaani maelezo ya kile unachotaka kilindwe, yajengwe juu ya utaratibu huo na si juu ya kikaushio kizima. Tumia siku kadhaa kupekua hifadhi za hataza zilizo wazi kwenye intaneti kabla ya kulipa ada yoyote. Ukiona kwamba utaratibu huo ni mpya lakini ni rahisi mno kuitwa hatua ya uvumbuzi, usikate tamaa. Sheria hiyohiyo inatambua haki nyingine, ndogo kuliko hataza, inayoitwa modeli ya matumizi, ambayo haidai hatua ya uvumbuzi bali upya na matumizi tu. Hataza hudumu miaka 20 tangu tarehe ya ombi, kwa sharti la kulipa ada ya kila mwaka, ilhali modeli ya matumizi hudumu miaka 10 isiyoweza kuongezwa. Kwa miradi mingi ya wanafunzi ninaiona modeli ya matumizi kuwa chaguo la busara zaidi, ingawa walimu huitaja kwa nadra kwa sababu haina heshima ya jina la hataza.

Jambo la mwisho: michoro na maelezo uliyoyaandika katika ripoti yana hakimiliki, lakini hakimiliki hiyo humzuia mtu kunakili michoro, haimzuii kuunda kikaushio. Weka pia daftari la kazi lenye tarehe, lililotiwa sahihi na shahidi kila baada ya jaribio, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Nasoma Njoro. Nilimweleza mwenzangu wa chumba wazo langu la programu ya simu inayoonyesha vyumba vya kupanga vilivyo wazi karibu na chuo. Ameiandika yeye, ameiweka sokoni na sasa anapata pesa. Ninaweza kumshtaki?

Kwa maelezo haya, sioni kesi. Hakimiliki hulinda namna wazo lilivyoelezwa, hailindi wazo lenyewe, na kanuni hiyo si ya Kenya pekee. Imo katika TRIPS, mkataba wa milikibunifu wa Shirika la Biashara Duniani wa mwaka 1994. Programu ya kompyuta huhesabiwa na sheria yetu kuwa kazi ya maandishi, kwa hiyo mwenye haki ni aliyeandika msimbo, na aliyeuandika ni mwenzako. Hataza nayo haitakusaidia, kwa kuwa mbinu za kufanya biashara hazihesabiwi kuwa uvumbuzi. Njia iliyobaki ni kudai kwamba alivunja siri, na hapo utatakiwa kuthibitisha kuwa habari uliyompa haikuwa ikijulikana, kwamba ilitolewa katika mazingira ya kuaminiana, na kwamba aliitumia bila ruhusa yako. Wazo la kuwaonyesha wanafunzi vyumba vilivyo wazi lina kila kitu isipokuwa siri. Jibu lingekuwa tofauti kama ulimkabidhi hati uliyochora kurasa za programu na kueleza hatua zake, naye akazinakili jinsi zilivyo. Kama ipo, nitumie nakala yake tuiangalie upya.

Nilimaliza shahada ya uzamili huko Kakamega. Juzi nimeona jaridani makala ambayo kwa kiasi kikubwa ni sura ya nne ya tasnifu yangu, ikiwa na jina la msimamizi wangu peke yake. Nilipomuuliza alisema utafiti uliofanywa chuoni ni mali ya chuo, na kwamba yeye ndiye aliyeongoza kazi. Sheria inasemaje?

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inaanza na mtunzi. Haki huzaliwa pale kazi inapoandikwa au kurekodiwa, ilimradi imetumiwa juhudi ya kutosha kuipa sura yake yenyewe. Haihitaji kusajiliwa, kutiwa muhuri wala kuwekewa alama. Usajili katika KECOBO, yaani Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, ni wa hiari, na faida yake ni ushahidi. Basi swali la kwanza ni nani aliyeandika sura hiyo, na kama uliiandika wewe, wewe ndiwe mtunzi. Kuongoza, kusahihisha, kupendekeza vitabu na hata kutoa mada ya utafiti hakumfanyi mtu kuwa mtunzi mbele ya sheria. Kama msimamizi aliandika upya sehemu kubwa kwa maneno yake, kazi inaweza kuwa ya watunzi wawili kwa pamoja, lakini hata hapo asingeruhusiwa kuliondoa jina lako.

Hoja kwamba kazi ni mali ya chuo ina ukweli nusu, nayo inastahili kuchunguzwa kwa makini kwa sababu husemwa sana na hupingwa mara chache. Sheria inasema kwamba kazi iliyofanywa na mwajiriwa katika utekelezaji wa ajira yake huhamia kwa mwajiri, isipokuwa kama pande mbili zimekubaliana vingine, na kuhusu uvumbuzi wa mwajiriwa kanuni ni ya namna hiyohiyo. Mwanafunzi, hata hivyo, si mwajiriwa kwa sababu tu amesajiliwa na kulipa karo. Chuo kinaweza kupata haki juu ya kazi yake kwa njia tatu: kama aliajiriwa kweli kuwa msaidizi wa utafiti na kazi hiyo ilikuwa sehemu ya ajira, kama mfadhili wa utafiti aliweka masharti ambayo mwanafunzi aliyakubali, au kama fomu aliyoitia sahihi wakati wa kujiunga ilimfunga kwa sera ya milikibunifu ya chuo. Njia hiyo ya tatu ndiyo huwashangaza wengi. Vyuo vingi vya Kenya vina sera hizo. Baadhi humwachia mwanafunzi hakimiliki ya tasnifu na kukiwekea chuo ruhusa ya kuihifadhi maktabani, ilhali huweka utaratibu mwingine kwa uvumbuzi uliofanywa kwa vifaa vya maabara. Itafute sera ya chuo chako na uisome kabla ya kuandika barua yoyote ya malalamiko.

Lakini hata kama sera hiyo ingekuwa imehamisha hakimiliki yote, msimamizi wako asingefaidika nayo, kwa kuwa chuo si yeye. Zaidi ya hayo, sheria humpa mtunzi haki za kimaadili, yaani haki ya kutambuliwa kuwa mtunzi na haki ya kupinga kazi yake isipotoshwe kwa namna ya kumvunjia heshima, na haki hizo haziwezi kuhamishwa kwa mtu mwingine wakati wa uhai wake. Mtunzi anaweza kuuza nakala, ruhusa ya kuchapisha na mapato yote, lakini hawezi kumuuzia mtu utunzi wenyewe.

Kusanya rasimu zote zenye tarehe, barua pepe mlizoandikiana na nakala ya tasnifu iliyo maktabani. Mwandikie mkuu wa idara na bodi ya masomo ya uzamili, ukiambatanisha jedwali linalolinganisha aya zako na za makala. Mwandikie pia mhariri wa jarida, kwa kuwa majarida makini huweza kusahihisha orodha ya waandishi au kuiondoa makala. Mahakama ni hatua ya mwisho, si kwa sababu haki yako ni dhaifu, bali kwa sababu gharama na muda wake ni mkubwa kuliko kile ambacho wengi hutafuta, yaani jina lao lirudi mahali pake. Kumbuka tu kwamba takwimu ulizokusanya, zikiwa habari tupu, hazina hakimiliki; kilicho chako ni maandishi, majedwali ulivyoyapanga na uchambuzi ulivyouandika.

Mimi ni mwanafunzi wa sanaa na usanifu mjini Eldoret. Nilichorea hoteli moja nembo kwa malipo ya mara moja. Sasa imechapishwa kwenye fulana na vikombe vinavyouzwa. Nastahili kulipwa tena?

Pengine hapana, na jibu hili huwaudhi wachoraji kila ninapolitoa. Watu wengi, wakiwemo waliosoma vitabu vya sheria vya nchi nyingine, hudhani kwamba mchoraji wa kujitegemea hubaki na hakimiliki mpaka aihamishe kwa maandishi. Kwa Kenya kanuni ya msingi ni kinyume cha hapo: kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama makubaliano yenu yanazuia au kupunguza uhamisho huo. Mkikaa kimya, ukimya humfaidi mteja. Kwa kazi zijazo, hata ujumbe mfupi wa simu ambao mteja ameujibu kwa kukubali ni afadhali kuliko kutokuwa na chochote, ingawa mkataba wa ukurasa mmoja unaosema nembo itatumika wapi, kwa muda gani na kwa malipo gani ya ziada ikichapishwa kwenye bidhaa ndio unaofaa. Ninaiona kanuni hii kuwa nzito kwa vijana wanaoanza kazi, lakini ndiyo sheria iliyopo.

Maduka ya fotokopi karibu na chuo chetu hapa Maseno huuza vitabu vizima vilivyonakiliwa. Mhadhiri anasema si kosa mradi tutaje chanzo katika kazi zetu. Yuko sahihi?

Mhadhiri anachanganya makosa mawili. Wizi wa kitaaluma ni kujidai mwandishi wa maneno ya mwingine, na dawa yake ni kutaja chanzo. Kukiuka hakimiliki ni kunakili bila ruhusa, na kutaja chanzo pekee hakukuponyi. Mtu anaweza kutenda kosa moja bila la pili: anayenakili kwa siri kurasa za mwandishi aliyefariki zaidi ya miaka 50 iliyopita ametenda wizi wa kitaaluma bila kukiuka hakimiliki, kwa kuwa nchini mwetu hakimiliki ya maandishi hukoma miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Anayenunua nakala ya kitabu kizima chenye jina la mwandishi jaladani hajamwibia mtu utunzi, lakini duka lililoichapa limekiuka hakimiliki. Sheria inaruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya utafiti wa kisayansi, matumizi binafsi, uhakiki na utoaji wa habari za matukio, chanzo kikitajwa. Sura moja uliyojinakilia kwa ajili ya insha yaweza kuingia humo. Rundo la vitabu vizima linalouzwa kwa faida haliingii, na kwamba vitabu ni ghali, jambo ambalo ni kweli tupu, halibadilishi jibu.

Nauza mtindi mjini Nakuru huku nikisoma. Nimesajili jina la biashara yangu. Je, limelindwa?

Halijalindwa kwa maana unayoitaka. Usajili wa jina la biashara unakutambulisha kwa serikali tu. Hauzuii mwingine kutumia jina hilo kwenye chupa zake. Omba usajili wa alama ya biashara KIPI, katika daraja la 29 ambalo ndilo la bidhaa za maziwa. Ombi likikubaliwa hutangazwa, na yeyote ana siku 60 za kulipinga. Likipita, usajili hudumu miaka 10 na huweza kufanywa upya kila baada ya miaka 10 bila kikomo. Usichague jina linaloeleza bidhaa tu, kama vile Mtindi Mtamu, kwa sababu msajili atalikataa.

Kwa utafiti wa shahada ya kwanza nimerekodi ngoma ya isukuti na simulizi za wazee wa jamii za Isukha na Idakho. Studio moja inataka kununua rekodi hizo. Kwa kuwa nimerekodi mwenyewe kwa simu yangu, je, si zangu?

Rekodi ni zako, lakini kilichorekodiwa si chako, na studio ikinunua kwako itakuwa imenunua nusu ya kile inachokihitaji. Aliyefanya mipango ya kurekodi sauti ana hakimiliki ya rekodi hiyo kwa miaka 50. Wapigaji ngoma, wapuliza pembe na waimbaji nao wana haki za waigizaji juu ya onyesho lao, na ruhusa waliyokupa kwa ajili ya utafiti haigeuki kuwa ruhusa ya biashara.

Juu ya hayo ipo Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni ya mwaka 2016, ambayo inaitambua jamii yenyewe kuwa mwenye haki. Hapo hakuna hesabu ya miaka 50: ulinzi hudumu maadamu jambo hilo limeendelea kuwa sehemu ya utambulisho wa jamii. Matumizi ya kibiashara yanahitaji idhini iliyotolewa mapema na kwa kuelewa, pamoja na mgawanyo wa haki wa manufaa. Sheria hiyo imezipa serikali za kaunti kazi ya kuweka sajili za maarifa hayo, na KECOBO kuwa na hifadhi ya kitaifa. UNESCO iliiweka isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka mwaka 2014, na ingawa orodha hiyo haimpi mtu yeyote haki ya kumiliki, inakuwa vigumu kwa studio kudai kwamba haikujua ngoma hiyo ni ya nani.

Kabla ya kujibu studio, rudi kwa wazee ukiwa na barua ya ombi la studio na kiasi kilichotajwa, na uwaombe waketi na vikundi vyenyewe, kwa sababu mzee mmoja hawezi kuiuza isukuti peke yake. Fika pia katika ofisi ya utamaduni ya kaunti huko Kakamega. Mkikubaliana, mkataba utaje pande zote tatu, yaani jamii, waigizaji na wewe, useme kila upande utapata sehemu gani ya mapato, na uzitenge simulizi na ngoma, kwa kuwa wazee wanaweza kuridhia ngoma isikike redioni na kukataa simulizi za mazishi zisitoke nje ya tasnifu yako.